Kingo za Kitabu cha Mzee Ramazani

Zaina alinipigia simu asubuhi, nikiwa nageuza muhogo uliokuwa ukikauka mbele ya nyumba yangu hapa Fizi. Alisema mama yake, Mwamini, amefariki, na kwamba walikuwa wamekwisha kumzika, maana Waislamu hawaikawizi maiti. Nilimpa pole. Nilidhani maneno yamekwisha, lakini hakukata simu. "Baba Wilondja," akasema, "ukuje ku matanga. Mama aliniachia neno. Ukifika, nikuonyeshe ile kitabu." Niliketi palepale kwenye mkeka, juu ya muhogo wangu, na jirani akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba siumwi, ila nimefiwa. Sikumwambia kwamba tangu ujanani nimekuwa nikienda soko la Baraka kwa njia ya kuzunguka, nisipite mbele ya nyumba ya yule mwanamke.

Katika sura zilizotangulia nimeandika kwamba nilimaliza shule ya sekondari, kisha nikaajiriwa, kisha nikaoa. Msomaji makini ataona kwamba kati ya shule na kazi kuna mwaka ambao sikuusema. Sikuusahau. Niliuruka kwa makusudi, kama mtu anavyoruka ubao mbovu kwenye sakafu ya nyumba yake mwenyewe. Mwaka ule niliupitisha Baraka, nyumbani kwa shangazi yangu, nikisubiri kazi ambayo haikuja, na ni mwaka ule nilipojifanya mjuzi wa bei ya vitabu vya zamani. Habari za ukoo wangu nimekwisha kuzieleza, sina haja ya kuzirudia. Nitaeleza vyumba vitatu, na kitabu kimoja kilichopita katika vyumba hivyo.

Chumba cha kwanza kilikuwa Fizi, kwa mwalimu wetu wa Kifaransa. Alikuwa Mzungu, kijana bado, na sisi wanafunzi tulimwita Musyé tu. Mimi nilikuwa nikimfulia nguo na kumfagilia nyumba, naye akanilipia shule mwaka wa mwisho. Sebule yake ilinuka mafuta ya taa na kahawa, na kuta mbili zilijaa vitabu hata madirisha yalionekana madogo. Alipenda vitabu vya zamani, vile ambavyo mimi ningevitupa. Kila baada ya miezi michache posta ilimletea kijitabu kutoka Ulaya chenye orodha ya vitabu vikuukuu vinavyouzwa, kila kimoja na maelezo yake na bei yake. Nilikuwa naweka ufagio chini nakisoma kijitabu hicho nimesimama, na kamusi yake mkononi. Nilishangaa kuona kitabu chembamba kikipewa bei ya mbuzi kadhaa. Nikajifunza maneno yao. Waliandika urefu na upana wa kitabu. Waliandika mji kilipopigwa chapa. Waliandika hali yake, na mimi nikaona kwamba penye maneno "hali nzuri sana" bei inapanda, na penye maneno "kurasa zimeandikwa kwa wino" bei inashuka. Siku moja nilimuuliza ni kitu gani kinafanya kitabu kiwe ghali. Alikuwa anakula, akajibu huku anatafuna: kiwe cha zamani, kiwe adimu, na kiwe katika hali nzuri. Nililishika jibu hilo kama mtu aliyepewa ufunguo. Sikumuuliza kitu kingine, na leo najua kwamba swali la pili ndilo lingeniokoa.

Chumba cha pili kilikuwa cha Mwamini, ukuta kwa ukuta na jiko la shangazi. Baba yake, Mzee Ramazani, alikuwa amefariki kabla sijafika Baraka. Alikuwa na mashua mbili zilizobeba mawese na ndagala, yaani dagaa, kati ya Baraka, Ubwari na Kazimia, na mara nyingine zilivuka ziwa hadi Kigoma. Jioni aliwafundisha watoto wa mtaa Kurani. Aliacha watoto watatu. Amisi, mkubwa, alikuwa na duka sokoni. Shabani alihamia Kigoma. Mwamini ndiye aliyebaki nyumbani akamwosha baba yake wakati wa ugonjwa, na kitoto chake Zaina mgongoni. Kwa sheria ya dini yao kila ndugu mwanamume ana mafungu mawili ya urithi, na dada ana fungu moja. Nyumba na mashua waliafikiana mapema. Lilibaki sanduku la vitabu. Ndugu walitaka kuviuza vyote wagawane. Mwamini hakutaka pesa. Alitaka kitabu kimoja tu, awaachie vingine vyote. Amisi akasema hilo si baya, lakini nani anajua bei? Kitabu hicho kisije kikawa kikubwa kuliko fungu la dada. Basi lazima kwanza atafutwe mtu wa kujua thamani yake.

Mtu huyo akawa mimi. Shangazi alikuwa amekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba nimeishi na Mzungu wa vitabu. Amisi alinijia na soda mbili, akaniita kalani, kama karani wa ofisini, akasema kijana mwenye akili kama mimi hawezi kukosa nafasi dukani kwake. Siwezi kuwasingizia wengine kwamba walinidanganya. Nilipenda kuitwa kalani. Nilipita sokoni siku ile nimeweka kalamu kwenye mfuko wa shati, kalamu ambayo haikuwa na wino.

Mwamini alinipokea alasiri. Alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo kwa mawese, na samaki aina ya mukeke wa kukaanga, na bugali wa muhogo uliokuwa bado unatoa moshi. Alinilazimisha nile kwanza. Chumba kilinuka mawese na karafuu aliyotia sandukuni ili wadudu wasile karatasi. Nilipomaliza kunawa, alifungua sanduku, akatoa vitabu kimoja kimoja, kila kimoja kimefungwa kitambaa chake, na cha mwisho akakiweka juu ya mapaja yake badala ya kukiweka mkekani.

"Hii njo ile ninapenda," akasema. "Uulize bei yake kwa wale bazungu yako. Uulize, mudogo wangu, lakini usiulize sana."

"Yaya, kuuliza ni kuuliza," nikamwambia, maana dada mkubwa ndivyo tunavyomwita. "Siwezi uliza nusu."

Akaniangalia kwa muda. "Kweli umesoma," akasema, na shangazi, aliyekuwa anachungulia mlangoni, akacheka hadi akakohoa.

Nimeishi na maneno yale, usiulize sana, miaka mingi kuliko nilivyoishi na mke wangu. Alikuwa ananiomba waziwazi, kadiri dada wa nyumba ile angeweza kuomba bila kuwasaliti ndugu zake. Kitabu kikiwa cha bei ndogo, ni chake. Kikiwa cha bei kubwa, kinakwenda. Hata mtoto angeelewa. Mimi nilielewa kwamba napewa mtihani, na mtihani hauachwi nusu.

Kitabu chenyewe hakikuwa msahafu. Kilikuwa kitabu cha elimu ya nyota na majira, kimepigwa chapa Bombay zamani sana kwa herufi za Kiarabu, na jalada la ngozi lililokuwa limechakaa pembeni likawa laini kama sikio la mbuzi. Mimi sikuweza kusoma herufi zile. Mwamini aliziweza, maana baba yake alimfundisha pamoja na wavulana. Akanisomea jina, mji, na mwaka, nami nikaandika. Kisha, bila mimi kumwomba, akaanza kunisomea kingo. Mzee Ramazani alikuwa ameandika kando ya kurasa zote, juu, chini na pembeni, kwa Kiswahili cha hapahapa kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwaka hadi mwaka. Mashua zake hakuzipeleka majini bila kuangalia kitabu, na hakurudi bila kuandika kama kitabu kilisema kweli. "Sikiliza," Mwamini akasema. "'Leo upepo wa kusini ulitushinda, tukalala Ubwari, tukapewa samaki na watu tusiowajua.' Na hapa: 'Mwamini amezaliwa, mvua ya mawe.' Baba alikuwa anasema mi njo nilileta ile mvua." Akafunua tena. Alifika kwenye ukurasa uliochorwa duara kubwa la nyota, akasoma mstari mmoja pembeni yake, akaanza kucheka, akacheka mpaka Zaina akaamka mgongoni na kucheka naye.

Mimi nilikuwa napima. Nilikuwa nimeleta rula ya shule, kwa sababu kijitabu cha Musyé kiliandika urefu na upana. Wakati anasoma nilikuwa nimeinamia ukingo wa kitabu na rula yangu, nikimwambia, "Yaya, ukamate vizuri, kinatikisika." Akakamata vizuri.

Nilipanda lori hadi Fizi. Sikuwa nimechukua kitabu, maana Mwamini hakukitoa nyumbani. Musyé alikuwa safarini Bukavu, lakini mlinzi alinijua, akanifungulia. Nilizipekua orodha zake zote za zamani nimekaa sakafuni, na mwisho nikakuta kinachofanana: kitabu cha nyota, Bombay, miaka ileile, hali nzuri sana. Bei yake niliinakili kwenye kiganja changu, kisha, kwa kuogopa jasho, nikainakili tena kwenye karatasi. Ilikuwa bei ya kumfanya Amisi avue kofia. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye nilijaribu kujiambia kwamba nilisita. Sikusita. Niliimba njiani.

Kikao cha urithi kilikaa chumbani kwa Mwamini, Shabani akiwa amevuka kutoka Kigoma kwa ajili hiyo. Mwamini alileta chai ya tangawizi na mikate, akaketi karibu na mlango. Nilisimama kama darasani. Nilitaja vitabu vingine kwanza, kila kimoja na bei yake ndogo, na kila nilipotaja Mwamini alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia mvua ikipita mbali. Kisha nikasema: hiki kimoja kinazidi vingine vyote ukivikusanya.

Mwamini alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina hadi kikombe kikajaa na kumwagika sahanini, ndipo akainua birika.

"Kumbe mzee alikuwa analalia mali," Shabani akasema.

"Ni ile yangu?" Mwamini akauliza.

"Dada, umesikia mwenyewe," Amisi akamjibu, tena kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. "Fungu yako ni moja. Hii ni kama fungu ya bote batatu. Tutafanya namna gani? Kalani ameenda mpaka Fizi, atakiuzisha kwa yule Muzungu wake."

"Nimesikia." Akanigeukia mimi, si ndugu zake. "We uko na hakika?"

Hapo ndipo mlango wa mwisho ulikuwa wazi. Ningeweza kusema kweli: kwamba sijamwuliza mtu yeyote, kwamba nimesoma orodha ya kitabu kingine, cha mtu mwingine, na sijui. Na ingekuwa kweli tupu, maana sikujua. Nikasema, "Niko na hakika, Yaya."

Alikwenda akakitoa kitabu sandukuni, akakifunga kitambaa chake, akaniwekea mikononi mbele yao wote. "Basi upeleke. Lakini kama yule Muzungu hakipendi, unirudishie vile kiko. Umesikia? Vile kiko."

"Nimesikia," nikasema. Amisi akanipa juma moja nikitayarishe, na neno hilo, kukitayarisha, ndilo nililoondoka nalo badala ya neno la Mwamini.

Chumba cha tatu ni chumba changu kwa shangazi, chenye dirisha moja kuelekea ziwani na kitanda cha kamba. Lazima nieleze jinsi tulivyolelewa na vitabu shuleni, si kwa kujitetea, bali ili ieleweke mikono yangu ilifanya nini. Vitabu vilikuwa mali ya shule. Mwisho wa mwaka, kabla ya kupewa matokeo, kila mwanafunzi alipanga mstari kukirudisha kitabu chake, na mwalimu alikifunua ukurasa kwa ukurasa. Ukionekana umeandika pembeni, ulichapwa, na matokeo hukupewa. Kwa hiyo wiki ya mwisho sote tulikaa na mkate wa kufutia, na wembe, na uji mzito wa unga wa muhogo, tukifuta, tukikata kingo zilizochafuka, tukigundisha migongo iliyofumuka, kisha tukakivisha kitabu karatasi ya mfuko wa simenti. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote. Wenzangu waliniletea vyao. Walimu walivishika vitabu vyangu juu darasa lione. Na sasa nilikuwa na kitabu cha bei ya ajabu mikononi, na kijitabu cha Ulaya kilikuwa kimeniambia vilevile alivyoniambia mwalimu: kuandikwa kwa wino ni kasoro.

Nilianza na jalada. Ngozi ilikuwa imelegea, nikaing'oa, nikampa fundi viatu wa mtaani, akanishukuru kwa kiraka. Kisha nikanunua wembe mpya, nikaweka rula juu ya ukurasa wa kwanza, nikakata. Wembe ulipita vizuri. Karatasi ya zamani ina sauti yake ikikatwa, kavu na ndogo. Nilikata juu, chini na pembeni, ukurasa baada ya ukurasa, hadi yakabaki maandishi ya chapa tu katikati, safi, na kitabu kikawa kidogo kama katekisimu. Nilifanya kazi hiyo siku kadhaa, mchana, dirisha wazi, nikipiga mluzi. Vipande virefu vilianguka kwenye kikapu. Shangazi alikuwa anauza mandazi mbele ya nyumba, na asubuhi makaa ya jiko lake, mbabula, yalikuwa na unyevu. Aliingia, akauliza, "Hii takataka unaitaka?" Nikamwambia achukue. Aliwashia moto kingo za Mzee Ramazani asubuhi zote za juma lile, na mimi nikala mandazi yaliyotoka juu ya moto huo, ya moto, yenye iliki, nikiwa nimeketi kizingitini. Mwamini alipita akienda kuteka maji. Alinunua mawili kwa ajili ya Zaina, akaniuliza kazi inakwendaje. Nilimwambia inakwenda vizuri sana, hatakitambua.

Musyé alikuwa amerudi. Nilikiweka kitabu mezani pake kimevaa karatasi yake mpya ya simenti, nikarudi nyuma hatua moja, nikasubiri kusifiwa. Alikifunua. Alifunua ukurasa mwingine. Alipitisha kidole polepole kwenye ukingo uliokatwa, na mahali fulani, ambapo wembe wangu ulikuwa umekosea kidogo, palibaki nusu ya mstari wa wino, vichwa vya herufi tu. Aliinama akakitazama kipande hicho muda mrefu.

"Kulikuwa na maandishi?" akauliza.

"Kulikuwa, Musyé. Mengi. Nimeyaondoa yote."

"Ya nani?"

Nikamwambia. Mwenye mashua, mambo ya upepo na safari, miaka yote ya maisha yake. Alivua miwani. Hakunigombeza. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kitabu chenyewe kinapatikana, Bombay walipiga chapa vingi, na hali nzuri ndiyo inayovitofautisha. Lakini kitabu ambacho nahodha wa ziwa hili amekiandika miaka yote hiyo kilikuwa kimoja tu duniani. Kisha akaniuliza viko wapi vile vipande, na macho yake yalikuwa na tumaini. Nikamjibu kwamba vimekaanga mandazi. Alisimama akaenda kuangalia nje dirishani. Vitabu vingine vya sanduku alivinunua vyote baadaye, bila kubishana bei. Hiki alikisukuma mezani kunielekea. "Mrudishie mwenyewe," akasema.

Ndugu walipopata habari, Amisi alicheka bila furaha. "Bon. Kama hakina bei, dada achukue. Si njo alikuwa anataka?" Kazi ya dukani haikutajwa tena, na mimi sikuuliza.

Kwa hiyo Mwamini alipata kitabu chake. Nikiandika kwa ufupi ndivyo ilivyo: alitaka kitabu, na mimi ndiye niliyefanya akipate. Nilikibeba mimi mwenyewe hadi chumbani kwake. Alikuwa anachambua mchele. Alifungua kitambaa, akaona karatasi ya simenti, akakifunua, na nilimwona akitafuta. Aligeuza kurasa kwa haraka, kisha polepole, kisha akakigeuza kitabu chenyewe, kana kwamba maneno ya baba yake yamehamia upande wa nyuma.

"Biko wapi?" akauliza.

Kwa Musyé nilikuwa nimeweza kulijibu swali hilo. Kwake sikuweza. Nilisema kuhusu hali nzuri, na orodha ya Ulaya, na shuleni wanavyofanya. Maneno mengi. Alinisikiliza yote. Mwisho akasema, "Nimekuuliza tu biko wapi," na mimi nikaangalia ukutani, upande wa jiko la shangazi. Alifuata macho yangu. Alielewa, na aliweka mkono mdomoni, na nikajua kwamba anakumbuka mandazi aliyomnunulia mtoto. Hakulia mbele yangu. Alirudi kwenye mchele wake. Nilisimama hadi akasema, bila kuinua kichwa, "Uende, mudogo wangu. Mi sikukasirike. Uende tu." Nikaenda, na nikahama Baraka mwezi huohuo. Sikurudi kuomba msamaha. Mwanzoni niliona haya, baadaye nikajiambia muda umepita sana, na hivyo ndivyo nilivyofanya hadi Zaina akanipigia simu.

Pikipiki ilinishusha matangani adhuhuri. Wanaume walikuwa wamekaa chini ya hema la plastiki, wakizungumza bei ya petroli ya mashua, mmoja akimtania mwenzake kwamba injini yake inakohoa kuliko baba mkwe wake. Walinipisha kwa heshima, maana nimezeeka. Nilikunywa kahawa. Zaina, ambaye sasa naye ana wajukuu, alikuja akaniinamia, akaniita, akanipeleka ndani. Ni chumba kilekile. Bati ni jipya, sanduku ni lile. Alikitoa kitabu kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kisha kitambaa. "Wakati ya vita tulivuka nacho," akasema. "Aliacha masufuria, akabeba hii. Kule kambini, Tanzania, njo alianza hii kazi."

Kitabu kilikuwa kimenenepa. Karatasi yangu ya simenti haikuwepo. Kwenye kila ukurasa Mwamini alikuwa amegundisha vipande vya karatasi ya daftari la shule, yenye mistari ya samawati, juu, chini na pembeni, kwa unga wa muhogo, hadi ukurasa ukarudia upana wake wa zamani. Nilivitambua vipimo kabla sijavipima. Na kwenye vipande hivyo alikuwa ameandika, kwa herufi za baba yake. Nilimwomba Zaina anisomee, maana bado siwezi.

"'Leo upepo wa kusini ulitushinda, tukalala Ubwari,'" akasoma. "'Mwamini amezaliwa, mvua ya mawe.'" Akafunua. "Hapa anasema: 'Hapa Baba aliandika jambo la Kazimia. Nimelisahau.'" Akafunua tena. "'Hapa palikuwa na jina la mtu aliyezama. Nimelisahau, Mungu amrehemu.'" Kurasa nyingi zilikuwa hivyo. Nyingine hazikuwa na neno lolote, karatasi nyeupe tu na mistari ya samawati, ikisubiri.

"Alisema we peke njo ulibaki kati ya bale alisomeaka hii kitabu mbele ya kukatwa," Zaina akaniambia. "Bajomba bote bamekufa. Alisema: umuulize Wilondja, pengine anakumbuka kitu. Alikuwa hapa siku moja, nikamusomea." Alikuwa ameshika kalamu. Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na sidhani mama yake alimweleza nani alikata. Kwa hiyo nilimweleza mimi. Nilimweleza yote, wembe, mbabula, mandazi aliyokula yeye mwenyewe akiwa mtoto. Alikunjua na kukunja pembe ya kitambaa, kisha akasema, "Mama hakusemaka." Na baadaye: "Sawa. Lakini unakumbuka?"

Nilijaribu. Nimejaribu na sasa ninapoandika. Nakumbuka sombe, na mukeke, na karafuu, na rula, na namba za urefu na upana, ambazo naweza kuzitaja hadi leo. Nilimwomba afunue kurasa hadi tukafika kwenye duara la nyota. Pembeni yake kipande kilikuwa kitupu kabisa. Hata neno la kusahau halikuwepo.

"Hapa kulikuwa na mstari mmoja," nikamwambia. "Sikusikiliza, nilikuwa napima. Lakini mama yako alipousoma alicheka. Alicheka sana, hata wewe ukaamka mgongoni ukacheka naye."

Zaina alinitazama, kisha akakiweka kitabu juu ya mapaja yake. Kilitikisika kidogo. Nikakikamata vizuri kwa mikono miwili, naye akaandika polepole kwenye ukingo, kutoka kulia kwenda kushoto. Nilimuuliza ameandika nini.

"'Hapa Mama alicheka,'" akasoma.